Nondo 12 ni ngapi? Kuhusu kuandika maelezo ya zana za ajenti wa AI

Siku hizi mtu akijenga ajenti wa AI, yaani programu inayoongea na watu na kuwafanyia kazi, nguvu yote inaishia kwenye promti kuu, yale maagizo ya mwanzo, anaiandika, anaifuta, anaongeza "wewe ni msaidizi mwerevu sana", anaongeza "usikosee", alafu ukifungua zana alizompa huyo ajenti unakuta fanksheni inaitwa getData na maelezo yake ni maneno mawili, inaleta data. Data gani? Ya nani? Isipopatikana inarudi nini? Kimya. Na makosa mengi ninayoyaona kwenye logi, ile kumbukumbu ya alichofanya ajenti, yanatokea hapo, sio kwenye promti.

Kwa ambao hawajaingia huku ndani sana: modeli, yaani ule ubongo wa lugha ulio ndani ya ajenti, haioni kodi yako, ile programu uliyoandika. Tangu OpenAI, wenye ChatGPT, walete huu mtindo wa kuita fanksheni Juni 2023 na wengine wakafuata, utaratibu ni uleule, unaipa modeli orodha ya zana, kila zana ina jina, maelezo ya lugha ya kawaida, na skima ya JSON, kama fomu hivi, inayotaja parameta (nafasi za kujazwa) na aina zake. Modeli ikiona zana fulani inafaa inaandika jina lake na kujaza parameta, basi, programu yako ndo inaendesha fanksheni yenyewe na kuirudishia majibu kama maandishi. Kwahiyo ujanja wote ulioufanya ndani ya fanksheni, na ile komenti ndefu uliyomwachia mwenzako, modeli haina habari nayo. Inajua jina, maelezo, skima na kinachorudi. Hivyo vinne tu.

Nyaraka za OpenAI zina kipimo kizuri, wanasema jiulize kama mwanafunzi wa fildi angeweza kuitumia hiyo fanksheni sawasawa akiwa na hayo maelezo peke yake, na maswali ambayo angekuuliza, majibu yake yaingize humo. Nakipenda ila naona kinaishia njiani. Mwanafunzi wa fildi akikwama atanyanyua kichwa, ataangalia wenzake wanafanyaje, atasubiri bosi arudi kutoka kula. Modeli mara nyingi haiulizi, inakisia na kusonga mbele, tena inakujibu kwa kujiamini kabisa utadhani imezaliwa dukani.

Nichukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi maana nimekaa karibu na ajenti wa namna hiyo. Anajibu wateja WhatsApp, anaangalia stoo, anaandika oda, anaomba malipo. Mteja anaandika, "habari, nondo 12 bei gani na bati geji 30 zipo?"

Haya, nondo 12 hapo ni nini, vipande kumi na mbili au nondo ya mili 12? Nondo zinazotembea sana ni za milimita 8, 10, 12, 16 na 20, kwahiyo mtu akisema nondo 30 ni idadi hiyo, hakuna ubishi, ila akisema nondo 12 hujui, na jamaa wa kaunta anauliza hapohapo bila hata kufikiria, "za mili kumi na mbili au vipande kumi na mbili, bosi?" Yeye hakufundishwa na mtu, amesimama pale miaka. Ajenti hajasimama pale hata siku moja. Ukimpa skima yenye parameta mbili, "ukubwa" na "kiasi", atajaza kimojawapo na oda itaenda.

Maelezo ya hiyo zana mwanzoni yalikuwa hivi: "Inatafuta bidhaa dukani." Sasa angalia ya sasa:

"Inatafuta bidhaa kwenye stoo na kurudisha bei ya rejareja kwa shilingi pamoja na idadi iliyopo. Itumie mteja anapouliza bei au anapouliza kama kitu kipo. Usiitumie kufuatilia oda ambayo mteja ameshaweka, hiyo ni angalia_oda. Kipenyo cha nondo ni milimita. Mteja akisema 'nondo 12' au 'nondo 16' bila neno lingine, muulize kwanza kama ni mili au vipande. Kwenye bati, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Geji aliyoitaka ikikosekana usimpe jembamba zaidi bila kumwambia. Idadi iliyopo ni hesabu ya asubuhi, haipungui kila kitu kinapouzwa, kwahiyo usimuahidi mteja kwamba mzigo umewekewa pembeni. Orodha tupu maana yake jina hilo halijapatikana, sio kwamba duka haliuzi; jaribu jina lingine, mfano saruji na simenti, kabla ya kusema hakuna."

Na parameta zimebadilishwa majina, kipenyo_mm ambayo inakubali namba za kwenye orodha tu, na idadi_vipande. Kipimo kiko kwenye jina lenyewe, huwezi kukisahau.

Sentensi mbili za mwisho ndo ninazozitaka mzitazame, kwa sababu hazisemi zana inafanya nini wala iitwe lini, zinasema jibu lake HALIMAANISHI nini. Karibu kila mtu anakumbuka kuandika zana inafanya nini. Wachache wanaandika usiitumie lini. Hii ya tatu sikumbuki kuiona kwenye zana nyingi za watu, na kwa maoni yangu ndo inaokoa pesa nyingi kuliko zote. Orodha tupu ni orodha tupu tu, wewe uliyeandika ile databesi unajua kwamba utafutaji unalinganisha jina herufi kwa herufi, modeli inaona mabano mawili bila kitu ndani na inamwambia mteja samahani hatuuzi saruji. Duka la ujenzi. Halina saruji.

Tuje kwenye pesa, hapa ndo patamu. Natumia Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom (mlango ambao programu yako inapitia kuongea na M-Pesa), kwa sababu nyaraka zake ziko wazi na madevelopa wengi wa huku wameigusa, hata sisi wa Bongo tukipata mteja wa Nairobi. Kuna kitu kinaitwa STK Push, unatuma ombi na simu ya mteja inaleta kidirisha cha kuweka PIN. Ukishatuma, Daraja inakujibu muda huohuo, ResponseCode ni 0 na maandishi yake yanaanza na neno Success. Jibu hilo linasema ombi limepokelewa, basi, mteja mwenyewe hata simu bado hajaitoa mfukoni. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwenye anwani ya seva uliyoitaja kwenye ombi, na huko kuna namba nyingine inaitwa ResultCode, ikiwa 0 amelipa, ikiwa 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au muda umepita bila kujibu.

Sasa we jifanye ndo modeli. Umeita zana ya kuomba malipo, imerudi sifuri na neno Success, mteja yuko hapo anakusubiri. Utamwambia nini? Utamwambia asante sana malipo yamepokelewa, mzigo unakuja. Na kwa ulichoambiwa hujakosea popote! Nimeshaona logi za hivi na mwenye mradi analalamika kwamba AI inadanganya. Haijadanganya, imesoma kilichorudi.

Kwahiyo kwanza jibu la Daraja halipelekwi kwa modeli likiwa bichi. Linageuzwa, modeli inapata "hali: OMBI_LIMETUMWA, bado hajalipa". Alafu maelezo ya omba_malipo yanakuwa hivi:

"Inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Hali OMBI_LIMETUMWA maana yake mteja ataona kidirisha cha PIN, haimaanishi amelipa. Usimwambie mteja kwamba malipo yamepokelewa mpaka angalia_malipo irudishe IMELIPWA. Usiite zana hii mara ya pili kwa oda ileile mpaka angalia_malipo irudishe IMESHINDWA, kwa sababu mteja ataombwa kulipa mara mbili. Kiasi ni shilingi kamili bila senti na bila koma. Simu iwe tarakimu 12 kuanzia 254. Mteja akiandika 07 au 01, ondoa sifuri ya mwanzo weka 254."

Hapo kwenye kuita mara ya pili nina la kusema. Maelezo sio ulinzi. Unaweza kuandika USIITE MARA YA PILI kwa herufi kubwa na alama za mshangao na siku moja itaita, hasa mteja akiandika "haijaja, tuma tena". Jambo la pesa lizuie kwenye kodi, oda yenye ombi ambalo halijapata matokeo isikubali ombi jingine, modeli ijaribu inavyotaka. Maelezo yako hapo ili isijaribu ovyo na ili ikikataliwa ielewe kwanini imekataliwa.

Na kukataliwa kwenyewe kuna namna yake. Ujumbe wa ero unaorudi ni sehemu ya maelezo, kwa sababu modeli inausoma kabla ya kuamua hatua inayofuata. "Ero 400" haiisaidii kitu, itajaribu vilevile tena na tena mpaka ichoke au ikuchoshe wewe na bili. "Namba ya simu ina tarakimu 10, inatakiwa 12 kuanzia 254" inasahihishwa kwenye jaribio linalofuata, mteja hata hajui kama kulikuwa na shida.

Alafu kuna saa. Hili ni la kwetu sisi kabisa, hulikuti kwenye miongozo ya watu wa California. Zana ya kupanga usafiri ina parameta inaitwa muda, mteja anaandika "mzigo uje saa 3". Saa tatu asubuhi kwa kuhesabu kwetu ni 09:00. Ila kuna vijana wanaandika saa 3 wakiwa na maana ya 15:00 kwa sababu simu zao zinaonyesha hivyo, na zote mbili ziko ndani ya muda wa kazi wa duka kwahiyo huwezi hata kusema nachuja kwa saa za kazi. "Saa 8" ni hivohivo, 08:00 au 14:00. Ukiiuliza modeli moja kwa moja saa mbili asubuhi ni ngapi inajua, hizi kubwa zote zinajua, lakini ikiwa katikati ya kujaza skima inayosema "muda" tu inakamata ile namba ilivyo na kuiweka.

Nilichoona kinafanya kazi ni kuandika hivi kwenye parameta yenyewe: "Tarehe na saa ya kupeleka mzigo, mfumo wa saa 24, ukanda +03:00. Wateja wanataja saa za Kiswahili: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00. Mteja akiandika 14:00 au 2pm usibadilishe. Akitaja saa bila asubuhi, mchana au jioni, muulize. Unapomthibitishia mteja tumia saa za Kiswahili na utaje sehemu ya siku." Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu kwa sababu zana inarudisha 14:00 na ajenti asipoambiwa anamwandikia mzee wa watu "mzigo utafika 14:00", mzee anabaki anashangaa. Na usisahau tarehe ya leo, modeli haijui leo ni lini usipoiambia, kwahiyo "kesho kutwa" inaweza kuangukia popote.

Kuna wakati maelezo hayatoshi na dawa ni kubadilisha zana yenyewe. Anthropic, wenye modeli ya Claude, kwenye makala yao ya Desemba 2024 kuhusu kujenga ajenti wanasema walipokuwa wanatengeneza ajenti wa kurekebisha kodi kwa ajili ya jaribio la SWE-bench walitumia muda mwingi zaidi kwenye zana kuliko kwenye promti yenyewe. Modeli ilikuwa inakosea njia za mafaili ikishahama kutoka kwenye folda ya mwanzo, kwa sababu zana ilikubali njia za kuanzia hapo ulipo. Hawakuongeza onyo, walibadilisha zana idai njia kamili kila mara, kosa likaisha. Mi ndo kipimo changu siku hizi, nikiona maelezo yangu yana "kumbuka", "zingatia", "hakikisha" nyingi mfululizo najua parameta imekaa vibaya, naenda kuirekebisha hiyo badala ya kuongeza "hakikisha" nyingine.

Ila upande wa pili nao upo, kuna makosa yanayotibika kwa maneno tu. Haohao Anthropic waliandika Septemba 2025 kwamba zana ya Claude ya kutafuta mtandaoni ilikuwa inaongezewa "2025" kwenye maneno ya utafutaji bila sababu na matokeo yanapinda, wakairudisha kwenye mstari kwa kurekebisha maelezo ya zana. Hilo huwezi kulizuia kwa skima.

Watu wataniambia maelezo marefu yanakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma na bili inahesabiwa kwavyo. Ni kweli, kwa kawaida zana zote zinasafiri na kila ombi, iwe zimetumika au hazijatumika, na Kiswahili kwenye modeli nyingi kinakatwakatwa kuwa tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Nyaraka za Anthropic zenyewe zinasema angalau sentensi tatu nne kwa kila zana na zaidi kama ni ngumu. Mi naona ukitaka kubana, punguza idadi ya zana. OpenAI wanapendekeza zisizidi 20 kwa wakati mmoja, na kabla hujafika huko kuna mapacha wa kuunganisha, mtu ana tafuta_bidhaa, pata_bidhaa na orodhesha_bidhaa, zote tatu zinagonga jedwali moja, na modeli inachagua kwa kubahatisha.

Kuhusu lugha naulizwa sana, niandike Kiswahili au Kiingereza? Andika ile ambayo unaweza kuwa sahihi nayo bila kutafuta maneno. Timu nyingi huku zinaandika mwili wa maelezo kwa Kiingereza na sina ugomvi nao, ila mifano ya maneno ya mteja iache kama mteja anavyoandika, na makosa yake ya tahajia, "cement", "simenti", "sement mfko 10". Ukiyatafsiri umeyaua.

Jambo moja la usalama nalipitia haraka. Tangu MCP, ule mfumo wa kuunganisha ajenti na zana za nje, itoke Novemba 2024 watu wanaunganisha seva za watu wengine kwenye ajenti wao kwa mstari mmoja wa mipangilio, na maelezo ya zana za huko yanaingia moja kwa moja kwenye kichwa cha modeli yako. Aprili 2025 Invariant Labs, kampuni ya usalama wa AI, walionyesha zana ya kujumlisha namba mbili, kujumlisha tu, ambayo ndani ya maelezo yake kulikuwa na maagizo kwa modeli isome faili la siri la mtumiaji na kulipenyeza kwenye parameta ya ziada. Mtumiaji kwenye skrini anaona kujumlisha. Kwahiyo maelezo ya zana ya mtu mwingine yasome yote kabla hujaiwasha, na uyasome tena ikiboreshwa.

Ya kwangu nayaweka kwenye faili lilelile la fanksheni, sio kwenye dokumenti pembeni, ili anayebadilisha kinachorudi ayaone. Mtu akileta mabadiliko kwenye jibu la zana na maelezo hajayagusa namrudishia. Na nina orodha ya sentensi za wateja, kila moja na zana inayotakiwa kuitwa na parameta zake, au neno "auliza" kama ajenti anatakiwa asiite kitu. Naipitisha yote nikibadilisha maelezo na nikibadilisha modeli pia, maana maelezo yaliyokuwa yanaeleweka kwa modeli ya jana hayana dhamana kwa ya leo.

Sentensi hizo nazipata kwa jamaa wa kaunta, sio kwa madevelopa, sisi tunabuni wateja wenye adabu sana wanaotaja kila kitu kwa mpangilio. Mara ya mwisho kaniletea "nishushie mchanga tripu moja". Nikamuuliza tripu ya nini, kirikuu, Kenta au Fuso? Akasema inategemea anayeagiza ni nani na anajenga wapi. Hiyo kwa sasa kwenye orodha nimeandika "auliza".